Kocha msaidizi wa mpira wa wavu katika vyuo vya Marekani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Meseji huanza hivihivi: "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, nimepewa namba yako na fulani…" Kisha linafuata swali ambalo nimeshalijibu mara arobaini. Kujibu sichoki, ila msimu ukianza nachelewa, na mwenye haraka anaona nimemdharau. Kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimecheza wavu tangu UMISSETA, nikaja Marekani kucheza katika chuo cha miaka miwili, na huu ni msimu wangu wa kumi na moja kwenye benchi nikiwa msaidizi wa timu za wanawake. Vyuo nilivyopitia sitavitaja.

Kocha msaidizi wa chuo ndiye mwalimu wa michezo?

Hapana. Kwetu mwalimu wa michezo anafundisha jiografia asubuhi na jioni anapuliza filimbi. Huku hufundishi somo lolote. Umeajiriwa na idara ya michezo ya chuo, na kazi yako ni timu moja tu, mwaka mzima.

Vyuo vingi viko chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ambayo ina madaraja matatu: Divisheni I yenye pesa na televisheni, Divisheni II katikati, na Divisheni III ambako wachezaji hawapewi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Pembeni kuna NAIA, yenye vyuo vidogo, na NJCAA, ya vyuo vya miaka miwili. Wanawake wanacheza kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Desemba. Wanaume wanaanza Januari na kumaliza Mei. Timu za wanaume ni chache sana, kwa hiyo hata mwanamume anayetaka kazi hii mara nyingi ataipata kwenye timu ya wanawake.

Divisheni I kwa miaka mingi iliruhusu kocha mkuu, wasaidizi wawili, na mmoja wa kujitolea. Huyo wa kujitolea alifanya kazi kama wenzake, alisafiri kama wenzake, na mwisho wa mwezi hapati kitu. Tangu Julai 2023 nafasi hiyo ya kujitolea imefutwa, na sasa wasaidizi watatu wanaweza kulipwa. Nasema "wanaweza" kwa sababu vipo vyuo ambavyo nafasi ya tatu ipo kwenye karatasi lakini fungu lake halijapatikana.

Siku yako ikoje? Si ni mazoezi tu na mechi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu wengi wanadhani nashinda uwanjani na mpira mkononi. Chukua Jumanne yoyote ya Oktoba. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko ofisini, kahawa kushoto, kompyuta mpakato mbele. Ijumaa tuna mechi, na mpinzani huyo ni wangu. Wasaidizi tunagawana wapinzani: anayekabidhiwa mpinzani lazima amjue kama anavyojua jikoni kwake.

Naangalia mechi zao tatu au nne za karibuni, zilizokatwakatwa kwa mizunguko. Timu ina mizunguko sita, yaani mipangilio sita ya wachezaji uwanjani. Seta wao, yule anayewagawia washambuliaji mpira, akiwa safu ya mbele, washambuliaji wa mbele wanabaki wawili. Akiwa nyuma, wanakuwa watatu. Hapo ndipo uchunguzi unapoanzia. Wiki moja mwaka juzi nilikaa saa mbili nzima kwenye mzunguko mmoja tu wa wapinzani, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanisumbua na sikijui. Mwishowe nikakiona: mpira ukipokelewa vibaya na seta akalazimika kukimbia kuelekea kulia, bega lake la kushoto lilikuwa linashuka kidogo kabla ya kurusha mpira nyuma ya kichwa. Likibaki juu, mpira unakwenda kushoto. Klipu kumi na nne, mara kumi na mbili ikawa hivyo. Nikaandika mstari mmoja kwenye karatasi ya kocha mkuu: "Bega likishuka, nyuma." Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja, hakuna wa pili. Akitaka zaidi ataniuliza.

Saa tatu nina wachezaji wawili wa kati, mmoja mmoja, dakika ishirini za video kila mmoja. Saa tano kikao cha makocha. Mchana napiga simu za usajili, nitazieleza chini. Mazoezi yanaanza saa nane na nusu. Sheria inaruhusu mchezaji saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi nne kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Nje ya msimu zinashuka hadi nane. Sheria hiyo inawalinda wachezaji. Sisi makocha hatumo.

Jioni naitia video ya mazoezi kwenye mfumo, nahakikisha basi la Alhamisi limethibitishwa, na nagundua hoteli imetuandalia kifungua kinywa saa tatu wakati tunaondoka saa mbili. Ndiyo, hata hilo ni la msaidizi. Kwenye timu kubwa kuna meneja wa shughuli anayebeba mambo hayo. Kwenye timu ndogo meneja ni wewe.

Mechi ikiendelea, unaruhusiwa kusema?

Inategemea kocha mkuu. Nimefanya kazi na mmoja aliyetaka tumwambie kila kitu, na mwingine aliyetaka neno moja tu, tena akiuliza. Wote wawili walishinda.

Kwenye benchi tunagawana macho. Mimi naangalia upande wa wapinzani: seta anampa nani mpira na katika hali gani. Mwenzangu anaangalia bloku yetu, mikono inavuka wavu au inabaki kwetu. Wa tatu ana kishikwambi chenye takwimu zinazoingia papo hapo na anashughulikia rufaa za video. Kocha akiomba muda, tunapata sekunde kama kumi za kumpa tulichoona kabla hajawageukia wasichana. Ukija na sentensi tatu umechelewa. Unasema: "Namba 4, mstari wote," yaani mshambuliaji wao namba 4 anapiga kufuata mstari wa pembeni tu. Yeye anaamua kama atalitumia au atalitupa.

Kulitupa ndiko kunakouma mwanzoni. Umekesha siku tatu na mpinzani, umeona kitu, umekisema, na kocha mkuu amekwenda njia nyingine. Mkishindwa huruhusiwi hata kukunja uso, maana kamera iko mbele na wachezaji wako nyuma. Asiyeweza kumeza hilo atafute kazi nyingine mapema.

Lazima nijue hesabu na kompyuta?

Hesabu za darasa la sita zinatosha, kompyuta uizoee. Ufanisi wa mshambuliaji, kwa mfano: pointi alizopiga, toa makosa, gawa kwa majaribio yote. Akipiga mipira 38, akapata 15 na kukosea 4, ni 11 kwa 38, yaani .289, na kwa mshambuliaji wa pembeni hiyo ni jioni nzuri. Mapokezi ya sevu, mpira wa kuanzishia, tunayapa alama 0 hadi 3: tatu ni mpira uliofika pale seta anapotaka, sifuri ni pointi ya wapinzani. Libero wako, yule mlinzi wa safu ya nyuma, akibaki juu ya 2 msimu mzima, mpende.

Programu inayotumika sana ni Data Volley ya Waitaliano. Kila mguso unaandikwa kwa herufi na alama, mechi ikiendelea: 12AH# maana yake mchezaji namba 12 ameshambulia mpira wa juu na kupata pointi; ukiona = badala ya # amekosea. Ukitazama mwandishi hodari akifanya kazi, vidole vinakwenda kama vya mpiga kinanda wa taarabu na macho hayashuki kwenye kibodi. Kijana mwenye ujuzi huo anapata mlango wa kuingilia hata kama hakuwahi kuchezea timu yenye jina. Nawashauri wengi waanzie hapo.

Usajili wa wachezaji ni nini hasa, na kwa nini makocha wanaulalamikia?

Kwa sababu ndio nusu ya kazi, na wasaidizi wengi wanaajiriwa kwa ajili ya huo kabla ya kitu kingine chochote.

Wasichana wa sekondari huku hawaonekani kwenye mechi za shule, kwani msimu wao unagongana na wetu. Wanaonekana kwenye klabu, kuanzia Januari hadi mapema Julai, katika mashindano yanayofanyika ndani ya kumbi za mikutano zilizotandikwa viwanja kumi, ishirini, hamsini. Juni kuna mashindano makubwa ya AAU, chama cha michezo ya ridhaa, kule Orlando na yale ya taifa ya USA Volleyball, chama cha wavu cha Marekani. Unaingia asubuhi na kiti cha kukunja begani, filimbi zinalia pande zote kwa wakati mmoja, na unatafuta binti wa miaka kumi na sita kwenye kiwanja namba 47. Kuruka kwake utakuona ndani ya pointi mbili. Usilikimbilie. Mimi nangoja akosee: anamwangalia nani baada ya kosa, anamgusa mwenzake au anageuka, anasikia akiambiwa? Urefu wake upo kwenye orodha tayari, na wavu wa wanawake ni mita 2.24 kila mahali. Ninachokifuata kule hakipo kwenye orodha.

Kisha zipo kanuni za mawasiliano. Kocha wa Divisheni I haruhusiwi kuzungumza na mchezaji au wazazi wake kuhusu usajili mpaka Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari, na ziara rasmi chuoni zinaanza Agosti 1 inayofuata. Kabla ya hapo ukikutana na mama yake kwenye korido unasema "hello" na kupita. Miaka kumi na moja, na bado nafsi inanisuta. Mtu mzima ananijia kwa tabasamu, ananyoosha mkono, na mimi niliyefunzwa kumsalimia mkubwa, kumwuliza za nyumbani, za watoto, za kazi, nasema neno moja na kugeuka kama sina adabu. Mama mmoja alimwambia kocha wa klabu kwamba mimi nina maringo. Binti yake alikuja kuichezea timu yetu miaka miwili baadaye, na siku ya kwanza nilimwomba mama radhi ndefu ya Kiswahili iliyotafsiriwa.

Saa sita za usiku ule wa Juni 15, simu zinaanza kuita na meseji kumiminika nchi nzima. Kila msaidizi ana orodha. Anayelala usiku ule ataamka na wachezaji wa mwenzake.

Sijacheza timu ya taifa. Nina nafasi?

Unayo. Wengi wetu hatukuicheza.

Vyeti gani vinahitajika? FIVB Level II yangu itasaidia?

Shahada ya kwanza karibu kila tangazo linaitaka, katika fani yoyote. Mimi nina ya biashara. Ya uzamili inapendelewa. Kozi za FIVB, shirikisho la wavu duniani, ambazo kwetu ndizo cheo chenyewe, huku wengi hawazijui. Ziweke kwenye wasifu kwa sababu zinaonyesha umesoma, lakini usizitarajie zikufungulie mlango. USA Volleyball wana mfumo wao wa kozi kwa makocha. Ukitaka kufundisha klabu wakati wa msimu wa baridi, utahitaji mafunzo ya SafeSport ya kuwalinda watoto, pamoja na kukaguliwa rekodi yako ya uhalifu. Cheti cha huduma ya kwanza pia.

Ninafundisha sekondari Kenya au Tanzania na timu yangu inachukua makombe. Naweza kuomba kazi moja kwa moja?

Ngoja nisikufiche. Kufundisha vizuri unaweza. Kwanthanze pale Machakos wamechukua mataji ya shule ambayo makocha wengi wa huku wangeyaonea wivu. Shida si uwezo. Shida ni kwamba anayeajiri anataka mtu anayejua kanuni za usajili, mwenye mawasiliano na klabu za Texas au Illinois, na asiyehitaji karatasi za uhamiaji. Una sifuri kati ya tatu.

Njia iliyofanya kazi kwangu na kwa wengi ninaowafahamu ni ya masomo. Ukiwa bado na umri na miguu, kuja kama mchezaji kwenye NJCAA au NAIA. Ukiwa umeshapita hapo, kuja kama mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye ajira ya kocha msaidizi: chuo kinakulipia karo, kinakupa posho, na wewe unawafanyia kazi za benchi kwa miaka miwili. Divisheni II, III na NAIA wanazo nafasi hizo nyingi. Ukimaliza shahada unapata ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako kwa miezi 12. Baada ya hapo mwajiri akitaka kukubakiza anakuombea viza ya kazi ya H-1B, na vyuo havibanwi na ile idadi ya mwaka inayobana makampuni. Lakini Septemba 2025 ilitangazwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani, na hiyo imewafanya wakuu wa michezo kuwa waoga. Neno la kocha halitoshi hapa. Ulizia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na upate jibu kwa maandishi.

Na kama kwenu kuna nafasi, usiidharau. Kocha Mkenya Paul Bitok alifundisha Rwanda miaka kadhaa, akarudi Kenya, na Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake, walipokwenda Olimpiki ya Tokyo chini ya Mbrazili Luizomar de Moura alikubali kukaa kama msaidizi. Mtu aliyewahi kuwa mkuu wa timu ya taifa! Baadaye akaishika tena timu mwenyewe.

Mshahara?

Mwaka wangu wa kwanza nilipata karo na posho ya dola 9,000 kwa miezi kumi, nikiishi na wasichana wawili wa riadha kwenye nyumba yenye jiko moja linalowaka. Divisheni III wapo wasaidizi wa muda mfupi wanaofanya kazi dukani asubuhi. Divisheni I ya kawaida inakutosha kuishi kama mwalimu wa shule wa huku. Kwenye programu kubwa kabisa wapo wasaidizi wanaopita dola 100,000 kwa mwaka, gari na nguo za timu juu yake. Mwanya ni mkubwa kiasi kwamba kutaja wastani ni kukudanganya.

Ukiitwa kwenye mahojiano na chuo cha umma, mishahara ya watumishi wa umma katika majimbo mengi iko wazi. Tafuta aliyekutangulia alikuwa akilipwa ngapi kabla hujaulizwa unataka ngapi. Mimi sikujua, nikataja kiasi chini ya kile walichokuwa wamekitenga, na niliishi na ujinga wangu miaka miwili. Kambi za watoto za kiangazi zinaongeza kidogo.

Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wanabaki?

Hawabaki. Anaweza kubaki mmoja ikiwa mkuu mpya anamtaka ili wachezaji wasikimbie.

Yalinikuta. Msimu uliisha Jumamosi. Jumatatu saa nne asubuhi mkurugenzi wa michezo alimwita kocha wetu, na saa nne na dakika ishirini tukaitwa sisi. Alizungumza kwa upole sana. Funguo, kadi ya mafuta, kishikwambi, vyote mezani kabla ya saa sita. Siku ya Jumapili nilikuwa nimemwahidi binti mmoja wa mwaka wa kwanza kwamba Januari tutatengeneza hatua zake za kurukia. Sikuruhusiwa kuingia ukumbini kumuaga. Nilikuwa kwenye H-1B, na ukipoteza kazi ukiwa na viza hiyo una hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Nilipata siku ya arobaini na tisa. Aliyenichukua ni mtu tuliyewahi kucheza dhidi yake mara nne, na akaniambia alikuwa akiona tumeandaliwa vizuri kuliko wachezaji tuliokuwa nao.

Ndiyo maana mtu akiniambia amepata ofa mbili, moja ya chuo chenye jina na nyingine ya chuo kisichojulikana, simuulizi kuhusu ukumbi wala mshahara. Namuuliza: wakuu wenyewe ni akina nani, mikataba yao imebaki miaka mingapi, na wasaidizi wao watatu wa mwisho sasa wako wapi? Kama wamekuwa makocha wakuu mahali, nenda. Kama wameacha mchezo, fikiri. Mkataba wako wewe ni wa mwaka mmojammoja. Ulioshika maisha yako ni wa kocha mkuu.

Inachukua muda gani kuwa kocha mkuu mwenyewe?

Hakuna ratiba, na njia si ngazi iliyonyooka. John Cook alikuwa msaidizi chuo cha Nebraska chini ya Terry Pettit, akaenda Wisconsin kuwa mkuu, kisha mwaka 1999 akarudi Nebraska kuwa msaidizi tena. Mwaka uliofuata akapewa timu, akamaliza msimu wake wa kwanza na ushindi 34 bila kupoteza hata mechi moja, na taji. Alistaafu Januari 2025 akiwa na mataji manne. Agosti 30, 2023, timu yake ilicheza kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Lincoln mbele ya watu 92,003. Kwa mpira wa wavu!

Aliyemrithi ni Dani Busboom Kelly, ambaye alikuwa libero wake kwenye taji la 2006, kisha msaidizi wake, kisha kocha mkuu wa Louisville akaifikisha fainali mbili. Na fainali ya pili, Desemba 2024, aliyemfunga ni Katie Schumacher-Cawley wa Penn State, naye pia mchezaji wa zamani wa hapo aliyekuwa ameshakuwa kocha mkuu kwingine kabla ya kurudi mwaka 2018 kama msaidizi wa Russ Rose. Msimu ule aliufundisha huku akitibiwa saratani ya matiti. Taji la wanawake la NCAA lilianza 1981, na yeye ndiye mwanamke wa kwanza kulichukua akiwa kocha mkuu wa Divisheni I. Miaka arobaini na mitatu. Kwa hiyo mkiniuliza kama wanawake wanapewa nafasi, nawajibu: kwenye benchi siku nyingi, kwenye kiti cha mbele ndiyo kwanza.

Nasikia mambo yamebadilika na wachezaji sasa wanalipwa. Inamhusu msaidizi?

Inamhusu sana. Uamuzi wa mahakama wa Juni 2025 umeruhusu vyuo kugawana mapato na wachezaji, na ule ukomo wa zamani wa ufadhili 12 kwa timu ya wavu umeondolewa. Badala yake kuna ukomo wa wachezaji 18 kwa vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo. Ongeza mfumo wa uhamisho uliofunguliwa 2018, na siku hizi mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu. Desemba, wiki ileile unayowaza mapumziko, majina mamia yanaingia kwenye orodha ya wanaohama. Zamani nilikuwa nikimfuatilia binti miaka mitatu. Sasa naweza kuwa na saa thelathini na sita za kumjua mtu mzima wa miaka ishirini na moja, na kazi kubwa zaidi ni kuwashawishi walio ndani wasiondoke. Kwa hiyo nimejifunza kupika pilau ya watu ishirini.

Kanuni za mchezo ni zilezile za FIVB?

Karibu. Seti za 25, ya tano 15. Lakini huku kocha ana mabadiliko 15 kwa seti badala ya sita, libero anaruhusiwa kusevu katika nafasi moja ya mzunguko, na tangu 2024 seta wa timu za wanawake hapigiwi filimbi kwa kugusa mara mbili kwenye mguso wa pili mradi mpira unabaki upande wake. Ukitoka nyumbani utapiga kelele wiki ya kwanza. Nilipiga.

Familia inawezekana?

Wapo wenye watoto, na watoto wanakulia kwenye basi la timu wakibebwa na wasichana kumi na wanane. Wapo walioacha kwa sababu hiyo. Tangu 2024, ligi ya Big Ten ina vyuo kutoka New Jersey hadi Los Angeles, kwa hiyo safari ya mechi za kawaida za wiki inavuka nchi nzima. Mimi harusi zote za Desemba za kwetu nimezikosa isipokuwa moja, na hiyo nilihudhuria kwa sababu tulitolewa raundi ya kwanza. Shangazi yangu alisema Mungu ana njia zake.

Utaniangalizia video yangu, au unipokelee wasifu?

Ndiyo, lakini sikiliza wakati. Agosti hadi katikati ya Novemba usinitumie kitu, utapotea. Wiki ya fainali za Desemba chama cha makocha, AVCA, kinafanya mkutano wake mahali palepale, na nusu ya ajira za msimu unaofuata zinazungumzwa kwenye korido za hoteli zile. Tuma mwishoni mwa Novemba ili jina lako liwe kichwani mwangu nikiwa kule. Mchezaji: dakika tatu za mechi na si za mazoezi, pointi ulizokosea zisiondolewe, urefu wako kwa sentimita na kimo unachofikia ukiruka. Kocha: ukurasa mmoja, na klipu tano za timu yoyote ile ukinieleza unaona nini. Sauti yako tu juu ya video, kwa Kiswahili au Kiingereza, vyovyote. Mwaka jana kijana mmoja wa Mwanza alinitumia klipu za mechi ya mtaani zilizopigwa kwa simu kutoka juu ya ukuta, akanionyesha kwamba seta wa upande ule hakutumia mchezaji wa kati hata mara moja baada ya pointi ya kumi na tano. Sasa hivi anaandika Data Volley kwenye chuo kimoja cha NAIA, na ananisumbua kwa meseji usiku wa manane kuliko ninyi nyote.